Nyoka wa Mwana, Mzigo wa Mama: Kisa cha Chatu Aliyekaribia Kununuliwa

Alinipigia simu asubuhi, ndio kwanza ametoka zamu ya usiku. "Kaka, nimeambiwa unafuga chatu wakubwa. Nina swali moja tu. Mwanangu anataka kununua chatu. Nimwache au nimkatalie?"

Swali hilo moja lilituchukua wiki sita. Nalieleza hapa kwa ruhusa yake, bila majina, kwa sababu huwa linanifikia likiwa limechelewa: nyoka keshanunuliwa, keshafika mita tatu, na mwenyewe anahangaika kutafuta wa kumpa. Huyu mama aliuliza mapema, na hilo peke yake lilinipa moyo.

Hali yao ilikuwa hivi. Mama ni muuguzi, ana miaka 41. Mwanawe ana 17. Wanaishi wawili tu katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, vyumba viwili vya kulala. Miaka mitatu nyuma mama aliumia bega la kulia akimgeuza mgonjwa kitandani, na tangu hapo mkono ule hauinui kitu kizito kupita usawa wa kifua. Kijana amefuga nyoka wa mahindi, nyoka mdogo asiye na sumu, kwa miaka mitatu, na amemfuga vizuri: ana daftari la tarehe za kula, tarehe za kujivua gamba, uzito wa kila mwezi. Sasa ameona mtoto wa chatu wa Burma, jike, wa rangi ya njano na nyeupe, urefu sentimita 60. Ameweka akiba ya kumnunua na kizimba chake. Baada ya mwaka mmoja na nusu anakwenda chuo, mbali na nyumbani.

"Watu wananiambia mtoto akililia wembe mpe," mama aliniambia. Nilimjibu kwamba methali hiyo ina maana pale wembe unapomkata aliyeulilia. Huu ungemkata mwingine.

Nikachukua karatasi, nikaandika umri wa watu watatu pamoja: nyoka, kijana, mama. Nyoka akiwa na miaka miwili, kijana ana 19 na hayupo nyumbani. Jike wa chatu wa Burma wa umri huo, akilishwa kawaida, huwa anakaribia mita tatu au ameshazipita. Nyoka akiwa na mitano, kijana ana 22, mama ana 46, na chatu ana mita nne hivi na uzito unaoweza kufika kilo 40 na zaidi. Nyoka akiwa na miaka 20, mama ana 61, karibu kustaafu. Na ishirini si mwisho, maana chatu wa Burma anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 25.

Niliwatumia karatasi ile bila maelezo. Kijana alinipigia jioni ileile.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Akaanza kunieleza anachokijua. Nakiri alinivutia. Alijua kwamba upande wa joto unahitaji nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi 25 hadi 27, kwamba chombo cha kupasha joto hakiwashwi bila kidhibiti joto, kwamba ukimlisha nyoka kupita kiasi ili akue haraka unampunguzia maisha. Amewazidi hata baadhi ya wauzaji. Lakini kila jibu lake lilihusu nyoka. Nilipomuuliza, "Jumanne ya mwaka wako wa pili chuoni, nani anafungua kizimba?" akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama."

Hapo ndipo kisa kilipo. Tulikuwa tunapima uwezo wa mtu asiye mfugaji. Mfugaji wa kweli wa chatu yule angekuwa muuguzi mwenye bega bovu, na alikuwa hajaulizwa. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hupima uwezo kwa hamu na kwa kusoma. Hamu ni njema na kusoma ni lazima, ila nyoka mkubwa anategemea mikono iliyopo nyumbani miaka kumi baadaye.

Sikutaka kumkatalia kwa simu. Nikawaalika wote wawili siku ya usafi.

Jike wangu ana mita 4.2 na kilo 41. Kizimba chake kina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, na hata hicho naona kinambana. Kabla ya kumshika nilimgusa ubavuni kwa fimbo yenye ndoano, polepole, mara mbili. Hiyo ndiyo ishara yetu kwamba kinachokuja si chakula. Alitoa ulimi, akageuza kichwa, akatulia. Mimi nikashika sehemu ya mbele, mke wangu akashika mkia, mama nikamweka katikati.

Alimpokea kama muuguzi, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Lakini baada ya dakika moja chatu akaamua kwenda upande wa dirisha. Hakuna hasira yoyote, anakwenda tu. Ngozi ikateleza mikononi mwa mama kama kamba nene inayovutwa na mtu wa upande wa pili, na misuli ya chini ikijikaza na kulegea chini ya vidole. Nikaona bega lake la kulia linashuka.

"Mgonjwa ukimgeuza," akasema baadaye huku akilisugua bega, "ama anakusaidia ama analala mzito. Huyu ana safari yake."

Kijana alikuwa amesimama kando ya kizimba. Nikampa koleo na ndoo. Kinyesi cha chatu mkubwa ni kingi kama cha mbwa mkubwa, na juu yake kuna mabonge meupe ya mkojo mkavu, magumu kama chokaa. Harufu inakaa kooni. Siku ile alikuwa amejisaidia ndani ya beseni la maji, kama wanavyopenda kufanya, kwa hiyo kulikuwa na lita 50 za maji machafu za kutoa, beseni la kusugua, matandiko ya kubadilisha, na vioo vya kufuta. Watu watatu tulimaliza kwa saa moja na nusu. Mama aliangalia saa yake mara mbili. Baadaye aliniambia alikuwa anahesabu: zamu tatu za usiku kwa wiki, halafu hii.

Tulipokaa kunywa maji niliwaonyesha kovu la mkono wangu wa kushoto. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimeyeyusha sungura wa kumlisha chatu mwingine, nikanawa mikono, nikasahau mkono wa shati. Nikafungua kizimba cha jike huyuhuyu, akiwa na mita tatu na nusu wakati huo, kubadilisha maji tu. Sikumuona akija. Aliuma chini ya kiwiko na kabla sijavuta pumzi alikuwa ameshauzungushia mkono mizunguko miwili. Vidole vyangu vikabadilika rangi nikivitazama. Mke wangu alikuwa chumba cha pili. Alikuja, akaanza kumkunjua kuanzia mkiani, kwa sababu mkia ndio sehemu yenye nguvu ndogo, na mimi nikajizuia kuuvuta mkono, maana meno yake yamepinda kuelekea ndani na kuvuta kunachana nyama. Aliachia. Kama ningekuwa peke yangu, na kama mzunguko ule ungekuwa wa shingoni, nisingekuwa hapa nikiandika.

Zamani tulifundishwa kwamba chatu humkosesha mhanga wake pumzi. Utafiti uliofanywa kwa boa, nyoka anayeua kwa kubana kama chatu, na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kinachozimwa kwanza ni mzunguko wa damu: shinikizo la damu la mhanga linaanguka ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo kanuni ya wafugaji, kwamba nyoka anayezidi mita mbili na nusu hivi asishikwe wala asilishwe bila mtu mzima wa pili ndani ya chumba, si woga. Kuna wanaoweka kipimo kwenye mita tatu. Mimi nashikilia kile cha chini, hasa kwa chatu wenye pupa ya chakula.

Mama akauliza swali ambalo mimi nilikuwa sijalifikia. "Mtu wa pili nyumbani kwangu ni nani?" Kijana akiondoka, hakuna. Jirani? Huwezi kumgongea jirani kila Jumamosi aje akushikie mkia wa chatu, tena kwa miaka 20. Kwa upande wangu uamuzi kuhusu jike wa Burma uliishia pale.

Kijana hakukubali siku hiyo. Baada ya siku nne akaja na pendekezo: dume. Ni hoja ya maana, kwa sababu kwa chatu wa Burma dume ni mdogo kwa jike, mara nyingi mita mbili na nusu hadi tatu na nusu. Nilimjibu mambo mawili. La kwanza, hata dume wa mita tatu bado anadai mtu wa pili. La pili ni langu mwenyewe: niliwahi kuuziwa chatu mchanga niliyeambiwa ni dume, na mwaka wa nne "dume" yule akataga mayai yasiyo na mbegu. Muuzaji hakunidanganya kwa makusudi, naamini. Nyoka mchanga hupimwa jinsia kwa kifimbo chembamba cha chuma au kwa kubonyezwa chini ya tumbo karibu na mkia, na mkono usio mzoefu hukosea. Mtu anayeweka mpango wa miaka 20 juu ya neno "dume" lililotamkwa kwa mtoto wa wiki tatu anacheza kamari.

Akaja na la tatu: chatu wavu wa visiwani, wale wadogo wa asili ya visiwa kama Kalaotoa na Jampea huko Indonesia. Chatu wavu wa kawaida ndiye nyoka mrefu kuliko wote duniani. Aliyepimwa akiwa katika matunzo ya binadamu mwaka 2011 huko Kansas City, Marekani, alifika mita 7.67. Wa visiwani ni wadogo kweli. Tatizo ni kwamba wengi wanaouzwa ni mchanganyiko, na asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi haikuhakikishii ukubwa atakaofikia. Ni nyoka werevu na wepesi, wenye mwitikio mkali wa chakula. Kwa mfugaji mwenye mkono mmoja mzima, hapana.

Nilimpa ushauri wa chatu mfalme, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa, mita moja hadi moja na nusu. Mama anammudu bila taabu. Kijana alikataa, na nilimwelewa. Alitaka nyoka ambaye ukimshika unahisi umeshika kitu. Kumshauri mtu achukue asichokipenda ni kumtafutia nyoka atakayesahauliwa. Tena chatu mfalme ana maisha marefu kuliko watu wanavyodhani: jike mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis alitaga mayai mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60. Mdogo wa mwili si lazima awe mdogo wa ahadi.

Tukafika kwa boa. Boa wa Amerika ya Kati, dume, akikomaa huwa na mita moja na nusu hadi mbili kasoro, kilo tatu hadi tano hivi. Ana kifua cha misuli, ana uzito unaouhisi mkononi, ana kichwa kile cha pembetatu ambacho kijana alikuwa anakipenda. Anatosha katika kizimba cha mita 1.8 kwa 0.6, ingawa upana ukiongezeka ni bora. Dume aliyekomaa anakula panya mmoja mkubwa kila wiki tatu au nne, panya aliyegandishwa na kuyeyushwa, si sungura mzima. Mtu mzima mmoja anammudu. Anaishi miaka 20 hadi 30, na hilo niliwaambia waziwazi: mzigo ni mwepesi, ila safari si fupi.

Nikaongeza sharti moja ambalo kijana hakulipenda mwanzoni: wasinunue mtoto. Watafute aliyekomaa. Boa wa miaka sita ameshaonyesha ukubwa wake, jinsia yake haina ubishi, tabia yake inajulikana. Hakuna kubahatisha. Na wapo wengi wanaohitaji nyumba, kwa sababu wenzetu wengi walinunua mtoto wa sentimita 50 bila karatasi ya umri wa watu watatu.

Walimpata baada ya wiki mbili, kwa mfugaji mmoja aliyekuwa anapunguza nyoka wake. Dume, miaka sita, mita 1.7, kilo 3.8. Kabla ya kumchukua nilisisitiza apimwe na daktari wa wanyama anayewajua nyoka. Kuna ugonjwa wa virusi uitwao kwa kifupi IBD, ambao boa anaweza kuubeba miaka mingi akiwa na sura ya afya, na unaweza kumuua nyoka mwingine wa nyumbani. Wao walikuwa na yule wa mahindi. Majibu yalirudi safi, na bado boa alikaa siku 90 chumba kingine, na vyombo vyake mwenyewe, wakimchunguza utitiri kwenye macho na chini ya magamba ya kidevu.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi. Chatu wote na boa wote wamo katika majedwali ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwa hiyo karatasi za asili ya mnyama ni za kuulizia mapema. Nchi nyingine, hata miji mingine, zinakataza aina fulani au zinaweka kikomo cha urefu. Mkataba wa nyumba nao una lake. Mama alimwandikia mwenye nyumba kabla ya kununua, akamtumia na picha ya kizimba chenye kufuli, akapata kibali cha maandishi. Kwa chatu wa mita nne nadhani jibu lingekuwa jingine.

Kijana aliniuliza siku moja, kwa dhati kabisa, kama ingeshindikana angeweza kumwachia chatu porini, mahali penye joto. Nilimweleza habari za Everglades, eneo la kinamasi kusini mwa Florida, Marekani. Chatu wa Burma walifika huko kwa mikono ya watu, waliotoroka na walioachiliwa, na kufikia mwaka 2000 ilikubalika kwamba wanazaliana wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika maeneo ambako chatu wamekaa muda mrefu zaidi, rakuni, wanyama wadogo wenye manyoya wa Amerika, wanaoonekana barabarani usiku wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mwaka huohuo Marekani ilipiga marufuku kuwaingiza nchini. Na mahali pasipo na joto la mwaka mzima, aliyeachiliwa hufa kwa baridi, polepole. Kijana alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza tena.

Sasa ni mwaka wa pili. Kijana yuko chuo. Miezi sita kabla ya kuondoka tulikubaliana kwamba boa ahudumiwe na mama peke yake, kijana akiwa mtazamaji tu, mikono mfukoni. Wiki ya tatu mama alinipigia akiwa na wasiwasi: nyoka amegoma kula, macho yamekuwa ya bluu. Nikamwambia anajiandaa kujivua gamba, amwache, aongeze unyevu. Baada ya siku tisa alinitumia picha ya gamba zima, limetoka bila kukatika, hata vifuniko vya macho vimo. Chini yake ameandika: "Nimefanya mwenyewe."

Bega halijamsumbua. Humtoa boa kwa kumtegemeza kwenye mkono wa kushoto na kiuno, ndoano kwanza, kama alivyoona kwangu. Hunawa mikono kabla na baada, na hapo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Muuguzi anaijua salmonela, bakteria ambao nyoka huweza kuwabeba, vizuri kunishinda.

Juu ya kizimba kuna karatasi ya majina ya wanaowajibika kwa huyu nyoka, kwa mpangilio. La kwanza ni la kijana. La pili ni la mama. Mstari wa tatu, wa mtu atakayemchukua kama mama atahama, ataugua au atazeeka kabla ya boa, bado uko wazi. Boa ana miaka minane. Kila nikimpigia mama namuuliza kuhusu mstari ule, na mara ya mwisho alisema kuna mfanyakazi mwenzake aliyeanza kuja Jumapili kumshika.